Darasa Lisiloitikia

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi asubuhi mbele ya walimu wa sekondari na vyuo tuliokutana Tanga mjini. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu wa Kilindi na Handeni waliozuiwa na mvua njiani, na wale waliokuwa zamu shuleni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo?

Kitendawili!

(Ukumbi: Tega!)

Nyumba yangu haina mlango.

(Ukumbi: Yai!)

Ahsanteni sana. Sasa niambieni, nani kawaamrisha muitikie? Sikumtaja mtu kwa jina. Sikusema nitatoa alama. Nimetamka neno moja tu, na ukumbi mzima, kuanzia mwalimu mkuu mpaka kijana aliyekuja juzi kwa mafunzo ya vitendo, mmejibu kwa sauti moja. Bibi zetu walilijua jambo hili kabla umeme haujafika Ngamiani. Bibi akisema "Paukwa" asisikie "Pakawa", haendelei. Anajua watoto wamelala. Anafunika moto, naye anakwenda kulala.

Sisi je? Ni wangapi humu tumewahi kufundisha mtandaoni saa nzima bila kusikia "Pakawa" hata moja, na bado tukaendelea?

Nimeombwa nizungumzie zana za mtandaoni za kumshirikisha mwanafunzi. Nitazitaja, msiwe na wasiwasi, na wenye kalamu waandike. Lakini nilichokuja kuwaambia ni hiki: zana haimwamshi mtoto. Kinachomwamsha ni kuitwa na kutakiwa aitike. Zana ni ile njia tu ya kupitishia mwitikio wake, na njia hiyo tuichague kwa kumtazama mtoto aliye mbali kuliko wote, mwenye simu mbovu kuliko zote.

Nianze na langu. Machi 17, 2020, serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona. Mimi nilikuwa na kidato cha sita, somo la jiografia, na mtihani ulikuwa unanukia. Nikaazima kompyuta mpakato, nikajifunza Zoom usiku mmoja, nikawatumia vijana linki. Siku ya kwanza nikaona majina 31 kwenye kioo. Jamani, nilifurahi! Nikafundisha dakika 38 mfululizo, maana niliambiwa ile ya bure inakata ikifika 40. Kila nikimaliza kipengele nauliza, "Mmeelewa?" Kimya. "Tuendelee?" Mmoja anaandika, "Ndiyo mwalimu." Nikaendelea.

Jioni mama mmoja akanipigia. Akasema, "Mwalimu, usinielewe vibaya. Ile simu uliyokuwa unaongea nayo asubuhi ilikuwa juu ya kabati, inachaji. Mtoto mwenyewe nilimtuma soko la Mgandini. Yeye alijua simu ikishaingia, basi kahudhuria." Nikafungua daftari langu la mahudhurio. Mtoto yule nilimwekea alama ya vema. Nilikuwa nimefundisha kabati.

Ndugu zangu, na wale wengine 30 je? Mpaka leo sijui ni makabati mangapi.

Nataka tulitazame hilo neno "Mmeelewa?" kwa sababu ndilo linalotudanganya. Si swali. Mtoto aliyeelewa anasema ndiyo, ambaye hakuelewa anasema ndiyo, na ambaye hayupo hasemi kitu, nasi tunachukua kimya chake kuwa ni ndiyo. Darasani pale shuleni unaokolewa na macho. Unamwona yule wa nyuma anachora mtumbwi kwenye daftari, unamsogelea. Mtandaoni huna macho. Kwa hiyo unahitaji swali ambalo mtoto hawezi kulijibu bila kufikiri, na njia ya yeye kukupa jibu lake.

Kule Marekani, chuo kikuu cha Harvard, kuna profesa wa fizikia anaitwa Eric Mazur. Alikuwa akisifiwa kwa mihadhara yake, mpaka alipogundua kwamba wanafunzi wake wanaweza kukokotoa hesabu ngumu huku maana ya msingi hawana. Mwaka 1991 akaanza kufundisha kwa namna nyingine. Anauliza swali la kufikirisha, kila mtu anachagua jibu lake kimyakimya, kisha kila mmoja anamgeukia jirani yake na kujaribu kumshawishi, halafu wanapiga kura tena. Mwanzoni wala hakutegemea mitambo, walikuwa wakiinua kadi.

Mimi nimeifanya hiyo na watoto wa hapa hapa. Niliwauliza: kwa nini Lushoto kuna baridi kuliko Tanga mjini, ilhali zote mbili ziko karibu na Ikweta? Majibu manne ya kuchagua. Kwa sababu ya misitu. Kwa sababu iko mbali na bahari. Kwa sababu iko juu. Kwa sababu ya mvua. Nikaweka kura kwenye kundi letu la WhatsApp, na hapo nikakosea kitu ambacho sitaki nanyi mkikosee. Kura ya WhatsApp inaonyesha majina ya waliochagua. Binti anayeongoza darasa akachagua misitu. Ndani ya dakika mbili darasa zima likahamia kwenye misitu! Walikuwa wanamfuata yeye. Swali wala hawakulisoma.

Siku ya pili nikabadilisha. Kura ya kwanza nikaiweka kwenye fomu ya Google, ambayo majibu yake nayaona mimi peke yangu. Ambaye fomu haikumfungukia, akanitumia herufi moja kwa ujumbe wa kawaida wa simu: A, B, C au D. Safari hii majibu yakatawanyika, na mmoja akaniandikia jambo ambalo silisahau: "Mwalimu, mlimani si ndiyo karibu na jua? Mbona baridi?" Umeona? Mtoto huyu alikaa na hilo swali kifuani tangu darasa la tano. Hakuna aliyemuuliza swali la kulitoa.

Nikawapanga wawiliwawili. Kila mmoja amtumie mwenzake ujumbe wa sauti, dakika moja isizidi, amshawishi. Halafu kura tena. Waliochagua "iko juu" wakaongezeka sana, na hapo ndipo nikafundisha. Nikawaambia joto hushuka takriban digrii 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Pigeni hesabu wenyewe. Wakapiga, wakapata tofauti ya digrii tisa hivi. Somo lilichukua nusu saa, maneno yangu mimi hayakufika dakika kumi.

Sasa mtasema, mwalimu, zipo programu nzuri zaidi za kura. Zipo. Mentimeter, ya Waswidi, inakusanya majibu na kuyachora hapo hapo bila majina. Kahoot, iliyotoka Norway, watoto wanaipenda mno, maana ina muziki, ina rangi, ina mashindano, na mtoto hahitaji kujisajili, anaingiza namba tu. Natumia zote mbili. Lakini kuhusu Kahoot nina neno, tena nalisema kwa uchungu.

Kwa kawaida yake Kahoot inampa alama nyingi anayejibu sahihi na kwa haraka. Nilikuwa na kijana mmoja wa huko milimani Amani. Mtandao kwao unashikika sehemu moja, juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba ya mjomba wake, na ukishuka hatua tatu umepotea. Alijibu maswali kumi, akapata tisa. Tisa! Lakini kila jibu lilifika limechelewa, kwa hiyo kwenye orodha ya alama alikuwa karibu na mkia. Waliopata sita, walio hapa mjini kwenye mtandao wa kasi, wakampita. Wiki iliyofuata hakuingia. Wala iliyofuata.

Nikajiuliza, kitendawili chetu kinafanyaje? Mtu akishindwa kutegua anafanywa nini? Anaambiwa atoe mji. "Nipe mji." Anatoa mji, tena mji wenyewe anauchagua yeye: Pangani, Mombasa, Unguja. Mtegaji anauchukua, anauzunguka kwa maneno, anakula na kunywa huko, watu wanacheka, halafu anatoa jibu. Aliyeshindwa hakuaibishwa. Amelipa, na amebaki mchezoni. Tena miji mingine hutolewa kwa makusudi, kwa sababu watu wanataka kusikia jinsi mtegaji atakavyotamba. Wazee wetu walijua kwamba mtoto akiogopa kukosea hataitikia tena, na asipoitikia hakuna mchezo.

Basi walimu wangu, Kahoot ina mahali pa kuzima alama za haraka, na ina namna ya kuwapa watoto maswali wayafanye kwa wakati wao kama kazi ya nyumbani. Tumieni hizo. Kama mnataka mashindano, wapangeni kwa vikundi. Yule kijana nilimfuata kwa simu, nikamwomba radhi, akarudi. Lakini ni wangapi hatukuwafuata?

Nakuja kwenye bando. Hapa lazima tuseme ukweli.

Saa moja ya darasa la video inakula mamia ya MB. Mzazi anayenunua kifurushi cha siku, naye simu hiyo hiyo anafanyia biashara ya samaki, atamkabidhi mtoto? Ujumbe wa sauti wa dakika mbili haufiki hata MB moja. Picha moja ya ubao iliyopunguzwa, vivyo hivyo ni ndogo. Kwa hiyo mimi nimeacha kufundisha kwa video kila siku. Nafundisha kwa sauti fupi fupi kwenye kundi, kila sauti ikiisha kuna swali, na hakuna sauti inayofuata mpaka wameitika. Paukwa, Pakawa. Na muda wangu ni baada ya sala ya Isha, kwa sababu ndipo mzazi anarudi nyumbani na simu inapatikana. Kuna mwalimu aliniambia hicho si kipindi rasmi. Sawa, si rasmi, lakini watoto wapo.

Na yule ambaye simu janja haipo kabisa nyumbani? Hapa nataka tukae kidogo, maana jibu lake lipo kwenye historia yetu wenyewe.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Ilifundisha afya kwa redio, nchi nzima, na waliojifunza walikuwa kama milioni mbili. Milioni mbili, na chombo chenyewe hakisikii wala hakioni! Redio huwezi kuinyooshea mkono. Sasa kwa nini watu hawakulala?

Mama yangu alikuwamo, kule Muheza. Alinisimulia mara nyingi. Redio moja, ya jirani, iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa chini ya mwembe. Watu kumi na kitu wamekaa kwenye mikeka. Kuna kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo, ana kitabu mkononi. Kipindi kinasikilizwa, redio inazimwa. Inazimwa, walimu! Halafu kiongozi anasoma, wanajadili: hapa kwetu malaria inatoka wapi? Maji yaliyotuama yako wapi? Kisha wanaamua watafanya nini, na wanainuka kwenda kukifanya. Mama alisema kazi ya kikundi chao ilikuwa kufukia dimbwi nyuma ya kisima na kuchimba choo kwa mzee mmoja asiye na nguvu. Mpaka anazeeka aliweza kunieleza mbu anazaliana vipi, neno kwa neno, na hakuwahi kumaliza shule ya msingi.

Redio ilikuwa zana. Darasa lilikuwa pale kwenye mkeka.

Nikaichukua hiyo kama ilivyo. Pangani nina mabinti watatu wanaoishi mtaa mmoja, na simu janja ni moja, ya kaka wa mmoja wao. Niliwafanya kikundi. Mmoja ni kiongozi wa wiki. Wanasikiliza pamoja, wanazima, wanajadili, halafu wananitumia jibu moja la sauti, na ninataka nisikie sauti zote tatu humo. Kila wiki kiongozi anabadilika. Mwanzoni sauti ya tatu ilikuwa inasema tu, "Nakubaliana na wenzangu." Nikawaambia wiki hii wa tatu ndiye atakayeanza. Leo yule wa tatu ndiye anayenitumia maswali usiku.

Mkiniuliza mimi kati ya zana zote ipi bora, nitawajibu bila kusita: kikundi cha watoto watatu mpaka watano wanaofahamiana, wenye simu moja na kiongozi. Halafu ndiyo yafuate mengine yote.

Nieleze na Padlet, kwa sababu ilinipa siku nzuri kuliko zote katika kazi hii. Ni kama ukuta ulio mtandaoni: kila mtoto anabandika picha, maandishi au sauti, na wote wanaona. Tulikuwa kwenye mada ya maji kupwa na kujaa. Nikawaambia wale wa pwani, nendeni ufukweni, chagueni jiwe moja au nguzo moja, mlipige picha mara tatu kwa siku na mwandike saa. Wa Korogwe na Muheza kazi yao ni kuzitazama picha na kutabiri kesho saa ngapi maji yatafika pale pale. Basi ukuta ukajaa. Jiwe la Raskazone likiwa kavu, jiwe lile lile limezama. Binti wa Korogwe, ambaye aliniambia hajawahi kukaa ufukweni siku nzima, ndiye wa kwanza kugundua kwamba kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50.

Halafu akaja kijana mmoja ambaye muhula mzima sikuwahi kusikia sauti yake. Baba yake ni mvuvi. Akabandika ujumbe wa sauti, nyuma yake unasikia watu wanavuta chombo, anaeleza maji ya bamvua na maji mafu. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana, hilo ndilo bamvua, na mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayaendi mbali wala hayarudi mbali. Akaeleza na siku ambazo baba yake hatoki. Alieleza vizuri kuliko kitabu. Kitabu nilikuwa nacho mezani nikalinganisha. Wenzake wakaanza kumuuliza yeye, si mimi. Nilikaa kimya jioni nzima nikiwasoma.

Kwa nini hakuwahi kusema? Kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza anachokijua.

Mambo mawili matatu nayapitia haraka, muda wa chai unakaribia.

Kimya. Miaka ya 70 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua kuwa mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla hajajijibu au hajamgeukia mwingine. Akisubiri tatu, majibu yanakuwa marefu na wanaojibu wanaongezeka. Mtandaoni sauti yenyewe inachelewa kufika, kwa hiyo hesabuni mpaka kumi moyoni. Mimi hufanya hivi: nawaambia waandike jibu, wasitume mpaka niseme "tuma". Yanafika yote kwa pamoja, hakuna wa kumwigiza mwenzake.

Majaribio mafupi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwalinganisha waliosoma maandishi na kuyarudia kusoma na waliosoma kisha wakajipima bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walioongoza ni waliojipima. Maswali matatu ya juzi mwanzoni mwa kila kipindi yanatosha, na hayahitaji programu yoyote.

Kamera. Msilazimishe. Niliwahi kumlazimisha binti mmoja, akaiwasha, na sote tukaona chumba ambacho watu saba wanalala. Aliizima, akatoka. Yale mazungumzo na mama yake baadaye yalikuwa magumu kwangu. Uhai wa mtoto darasani tuupime kwa jibu lake, tusiupime kwa sura yake.

Na namba za simu. Kundi la WhatsApp linaonyesha namba ya kila binti kwa kila mwanachama. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, hawa ni watoto wetu. Ombeni ridhaa ya wazazi, tumieni namba ya mzazi inapowezekana, msimwingize mtu asiyehusika, na mpangilio wa nani anaweza kuongeza watu ubaki kwa mwalimu.

Sasa walimu wangu, naomba msinipigie makofi bado. Geukeni, kaeni wannewanne, na msikae na mtu wa shule yenu. Hisabati na sayansi upande wa dirisha, lugha na historia upande huu. Kila kikundi kiwe na simu moja tu mezani, nyingine ziwekwe mfukoni. Chukueni kipindi chenu cha Jumatatu, kile kile mlichokiandaa, mtafute humo sehemu ambayo mlipanga kuuliza "Mmeelewa?" Ifuteni. Mahali pake andikeni swali moja ambalo mtoto wa juu ya jiwe kule Amani anaweza kulijibu kwa herufi moja, na yule wa Pangani anaweza kugombana nalo na wenzake kwenye mkeka. Mna dakika kumi na tano. Mimi napita kila kikundi, naanza na nyie hapa mbele.